Pamba Nyeupe

"Kaanguka leo asubuhi, dada," alisema msimamizi wa mashamba ya chumvi kabla hajaulizwa. "Mpime upesi, unipe karatasi kuwa ni mzima, tuondoke."

Adila alikuwa amekwisha kushika kichupa cha damu ya mfanyakazi yule, mzee aliyeketi amefumba macho kuukwepa mwanga. Katika zahanati ile nje ya Bagamoyo, mashine ilisaka protini ambazo ubongo ulioumia huziachia kwenye damu. Iliaminika kwa saa kumi na mbili tu tangu kuumia. Baada ya hapo ingeweza kukiita salama kichwa kinachovuja damu ndani, na mwenye kichwa akanyimwa picha ya kichwa ya hospitali.

Nyuma ya sikio la mzee palikuwa na rangi ya njano.

"Hayo manjano," msimamizi alisema. "Mkewe kampaka. Si unawajua watu wetu."

Adila aliwajua. Bibi yake alimpaka manjano kila alipoteguka, na shuka zilikuwa hazitakati. Akalowesha pamba, akasugua taratibu.

Pamba ilibaki nyeupe. Njano haikutoka ngozini, na ukingo wake ulikuwa wa kijani: jeraha la siku tatu, pengine nne.

"Baba, ulianguka lini?"

Mzee alimtazama msimamizi kwanza.

"Leo," akasema.

Adila alikirudisha kichupa mezani, akaiweka pamba kiganjani mwa msimamizi na kumkunja vidole juu yake.

"Huyu anakwenda Dar kupigwa picha ya kichwa," alisema. "Toa ufunguo wa gari."