Makande ya Moto, Jiko Baridi

Jiko la Mama Yudith lilikuwa baridi, lakini makande yake yalikuwa yanatoka mvuke.

Nikodemo, mkaguzi wa majiko wa kijiji, alitia mkono kwenye majivu mara ya pili. Baridi kabisa.

"Shikamoo, mama," alisema, maana adabu kwanza. "Haya yameiva wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu ule, yatapoa."

Mwaka ule wa sabini na tano kijiji chao, milimani juu ya Mlola, kilikuwa na sheria: mafiga marufuku, kila nyumba ipikie jiko dogo la udongo, mzigo mmoja wa kuni kwa wiki. Kwa chai jiko lile lilikuwa hodari. Makande liliyatazama tu mpaka jua linatua.

Lakini Nikodemo alikuwa na bidii, jamani! Asubuhi mpaka jioni yumo majikoni mwa watu. Hata mkewe, Esta, alimhimiza: "Nenda, baba. Usikimbilie kurudi, kazi ya kijiji ndiyo kwanza."

"Kuna nyumba bado ina mafiga," Nikodemo akamwambia Mama Yudith sasa, "na wewe unapika huko. Nipeleke, la sivyo kibali chako cha kuni nakifuta."

Mama Yudith alinywea. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, na ndani ana wajukuu wanne. Bila kuni wangekula nini?

"Nikikupeleka, utanisamehe?"

"Wewe, ndiyo. Mwenye mafiga hatatia mguu msituni mwaka mzima. Haki ya Mungu, hata awe nani!"

"Hata awe nani?"

"Naandika kabisa!"

Bibi akabeba sufuria ya maharage ya jioni, akatangulia. Ukungu ulikuwa mzito, hata migomba haionekani. Nikodemo akamfuata nyuma, macho daftarini, akiandika hukumu kwa wino. Alibakiza nafasi ya jina tu.

Walipofika uani, mbwa alitoka mbio akamrukia Nikodemo kwa furaha. Mama Yudith akabisha hodi mlango wa jikoni.

"Karibu, mama!" ikaitika sauti ya Esta. "Lete sufuria upesi, moto umekolea."

Mama Yudith akageuka, akaitazama kalamu.

"Nikutajie jina, mwanangu, au unalijua?"