Uso wa Mfalme wa Vyura

Barakoa ya Mfalme wa Vyura ilimkaa kijana sawasawa, bila hata tone la gundi, na hapo ndipo shangazi wa mchumba wake, fundi wa barakoa, alipoacha kutania.

Marehemu kaka wa fundi ndiye aliyekuwa mfalme huyo kwenye tamthilia kwa miaka thelathini, akitawala madimbwi saba na kasri moja la maboksi. Barakoa hiyo ya mpira laini ilifinyangwa juu ya uso wake mwenyewe. Kila mwigizaji aliyeijaribu tangu azikwe, ilimpwaya puani au ikambana mashavu.

Binti wa marehemu, malkia wa mawingu kwenye tamthilia hiyohiyo, alisimama mlangoni na mabawa yake mgongoni. Leo yeye na kijana walipanga kumwambia shangazi kwamba wanataka kuoana.

"Mbona kimya, fundi?" kijana akauliza. "Nimependeza kupita kiasi?"

Akacheka, na ule mkunjo wa marehemu kwenye shavu la kushoto, ambao binti hakuuona tena tangu msiba, ukajikunja.

Shangazi akapitisha kidole ukingoni mwa barakoa akitafuta mwanya. Hakuupata.

"Mama yako anafanya kazi gani?"

"Zamani alikuwa anashona hapahapa, nguo za mazimwi. Aliacha alipopata mimba yangu."

Shangazi akamwendea binti, akaiona pete mpya kidoleni.

"Mwanangu," akanong'ona, "niambie hamjafika mbali."

Kijana hakusikia. Akidhani mambo yamekwenda vizuri, akamkonyeza binti kwa uso wa baba yake.