Mkanda wa Mshindi

Katika chuo kile, aliyeshindwa ndiye humvisha mshindi mkanda wa urais wa wanafunzi, mbele ya watu wote. Basi Mwanaidi akapanda jukwaani na mkanda mkononi, na Hizza akainama bila kumtazama usoni. Siku ya kura, ni yeye Hizza aliyewatuma wapambe wake wapite mabwenini wakitangaza kwamba Mwanaidi amejitoa.

"Inama zaidi, mlingoti wewe," Mwanaidi alimtania, akitafuta pa kuchomeka pini. Kisha akashusha sauti. "Kaka, hao waliosema nimejitoa, ukiwajua usiwaache. Wewe najua huna roho hiyo."

Masikio ya Hizza yakawaka moto. Kule chini wapambe walikuwa wakiimba jina lake. Mshereheshaji akampa kipaza sauti.

"Mwanaidi hakujitoa," alisema. "Uongo ule niliutunga mimi."

Wimbo ukakatika.

"Acha utani, Mheshimiwa!" mmoja alipiga kelele, lakini hakuna aliyecheka.

Mwanaidi alibaki palepale, vidole vyake kifuani pa Hizza, pini imeingia nusu kwenye mkanda, naye haisukumi wala haichomoi.