Pacha Aliyebaki Dukani

Mama Blessing, muuza mchele wa pale Kahama, anasema alimwona Athanas kwa macho yake mawili akilamba prosesa dukani kwa jirani yake Dorah, muuza vipuri vya kompyuta. "Anaonja dhahabu!" aliwaambia wateja. "Hawa wachimbaji dhahabu wa Nyarugusu wakikosa mwamba, wanahamia kwenye kompyuta za watu."

Athanas alikuwa anapuliza vumbi tu.

Alikuwa anaunda kompyuta ya prosesa mbili, ya bei ya chini, ya kuchorea ramani za mashimo. Wachimbaji walimpa mpaka Jumatatu. Akichelewa, kazi anapewa mwingine.

"Mbili lazima zifanane," Dorah alimwambia, akichambua mzigo wa mtumba juu ya kaunta. "Hizo mpya zitakumaliza bure. Chukua hizi mapacha. Kuukuu, ila zinapiga kazi."

Hela ilitosha moja.

"Niwekee pacha wake, dada. Ijumaa nakuja."

"Lakini usiende kuyeyusha," Dorah alimkazia macho. "Maana pini zake, ukizijulia kwenye tindikali, zinatoa dhahabu."

"Mimi tena? Tindikali naikimbia." Athanas alinusa. "Ila humu ndani mbona kunanuka hivi?"

"Betri ya sola imemwagika."

Mama Blessing akachungulia mlangoni. "We Dorah, Jumapili unamsimamia mdogo wako harusi kanisani, na puani bado una kijiti cha ufagio? Mwambie huyo mchimbaji wako akuletee kipini!"

Wakacheka wote. Dorah alijigusa pua. Akazitia prosesa zilizokufa za ule mzigo kwenye kopo lake la maziwa, anamozikusanya miaka yote, na ile nzima akaifunga kwenye kitambaa chekundu, akaiweka juu ya kopo.

"Ipo salama," alisema.

Ijumaa Athanas aliingia anahema. Kwa prosesa moja, ramani ilikuwa inajichora kwa mwendo wa ng'ombe mgonjwa, na mashimo mengi yalikuwa bado.

"Dada, hela hii hapa. Nipe pacha wangu."

Dorah alikuwa amefunika pua kwa kiganja, kama mwenye mafua.

"Pole, unaumwa? Nipe basi niwahi gari."

Rafuni kopo lilikuwa wazi, tupu, na kitambaa chekundu kimeanikwa juu ya kaunta. Katikati ya vidole vya Dorah, puani, kitu kidogo kipya kilikuwa kinameta.