Sinia Juu ya Paa

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mpimaji aliisikia sauti kabla hajafumbua macho. Kitu kilikwaruza juu ya bati. Majivu hayo, aliwaza, yamejaa hadi yanaporomoka yenyewe. Leo wataniamini, watake wasitake.

Alikuwa amefika kwa mama yake jana jioni. Wiki ya tatu sasa mlima ulikuwa ukitapika majivu. Watoto wa mtaa mzima walikohoa, na paa la jirani lilikwisha kuanguka kwa uzito. Lakini malori ya kuhamisha watu hayatoki mpaka sinia iseme. Sinia yenyewe ilikuwa juu ya paa la mama, imekaa kwenye mizani; kila saa kumi na mbili asubuhi mizani hutuma ofisini uzito wa majivu yaliyoanguka. Siku aliyoifunga, alimwambia mama, "Nitunzie chombo hiki kama mboni ya jicho."

Saa kumi na mbili na dakika tano simu iliita. Mkuu wa ofisi. Mpimaji akaweka kipaza sauti.

"Sifuri tena, kijana. Nitoe malori kumi kwa ajili ya sifuri?"

"Njoo uivute hiyo sifuri kwa pua yako!"

"Hayo ni majivu ya zamani. Upepo unayarusha."

"Upepo gani huo unaoangusha paa?"

"Basi kipimo chako kibovu, au wewe mwongo. Chagua moja, kisha uniletee funguo za ofisi."

"Funguo nitakuletea. Watu hawa siwaachi, hata nikiwabeba mgongoni mmoja mmoja!"

Akakata simu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kibovu? Kipimo nilichokabidhiwa mimi?" alifoka. "Hana adabu huyo! Anadhani sisi huku hatujui kutunza vitu vya watu?"

"Mwache, mama. Leo namfuata, tutazungumza uso kwa uso."

"Nenda, tena usiinamishe kichwa." Aliweka ndoo chini, akamshika bega. "Na mimi nakuahidi, mwanangu: kesho alfajiri napanda tena ngazi, na safari hii nakisugua kwa sabuni. Hawataona hata chembe."