Makabidhiano Kando ya Sufuria

"Mwambieni nimekufa," Bi Evanthia aliwaambia wanawake waliokuwa wakifunga makopo, kisha akaendelea kukoroga.

Aliyekusudiwa alikuwa ameshafika mlangoni na amesikia kila neno. Alikuwa Danae, wakili kijana, na mkoba wake ulikuwa umevimba kwa karatasi.

"Ukifa leo, bibi, mpango wangu wote unakufa na wewe," alisema akicheka. "Kwa hiyo ahirisha kidogo. Bi Poliksene anatungoja ofisini kwake. Nusu saa tu."

"Nusu saa! Hii nikiiacha kidogo tu inashika chini. Makoko yake utakula wewe?"

Hapo hakudanganya. Halua yetu ya hapa mjini Farsala haina mapumziko. Ukishamimina wanga na shira kwenye sufuria ya shaba, unakoroga mpaka samli ya kondoo ijitenge pembeni, na aliyeshika mwiko hapokei simu wala mgeni. Lakini mji mzima ulijua kwamba wiki ile bibi huyu, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa akibandika sufuria kila alipotajiwa saini.

Thrasos, mwanawe wa pekee, akatokea stoo. Alivaa suti ya harusi yake, ambayo siku hizi ilikataa kufungwa tumboni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Nyuki tena. Alikuwa na mizinga yake mlimani, na kila Jumatatu alirudi mjini akiwa na uso wa furaha na sehemu mpya iliyovimba.

"Mama, nakuomba. Saini tu, yaishe."

"Haraka ya nini? Kwani mimi naenda wapi?"

"Miaka ishirini naingoja siku hii!"

"Subira yavuta heri."

"Imevuta mpaka kamba imekatika, mama."

Wanawake wa makopo wakaangua kicheko. Bi Evanthia naye alitaka kucheka, akajizuia.

Danae akakalia gunia la lozi, akaeleza upya yale aliyokwisha kuyaeleza tangu msimu wa baridi. Kati ya mzazi na mwana, kiwanda kinaweza kukabidhiwa kama zawadi, mtoaji akiwa hai na akili zake timamu, na kodi isikiguse. Wakingoja mazishi, kodi nayo itakuja kunywa kahawa ya msiba. Wakiuza, wale mabwana wa kampuni kubwa waliokuwa wakipiga simu kila siku watachukua jina la familia lililo kwenye makopo, na sufuria wataitupa kwa wauza vyuma chakavu.

"Halua itatoka mji mwingine," alisema Danae. "Kwenye mashine."

"Mashine!" Bi Evanthia alimtupia mwanawe jicho kali. Kwenye kona kulikuwa na mashine ya kukorogea ambayo Thrasos aliinunua mwaka juzi bila kumuuliza mtu. Mama yake alikuwa ameifunika kitambaa cha meza na kuweka juu yake chungu cha mrehani. "Anajua nini huyu? Mtoto."

"Mtoto mwenye upara," Thrasos alisema.

"Upara si akili."

Danae akainuka, akamsogelea. "Bibi, niambie kweli. Unaogopa nini?"

Mwiko ulipungua kasi, ingawa haukusimama.

"Naogopa kesho," Bi Evanthia alisema. "Nikishasaini, kesho nitaamka niwe nani? Maisha yangu yote nimejizoea hivi nilivyo."

Hakuna aliyecheka. Thrasos alimkumbatia kwa nyuma, suti na unga vikachanganyika, na macho yake yakalowa bila aibu. "Utaamka mama yangu," alisema. "Na sufuria itabaki pale pale. Nimekuapia, au sikukuapia?"

"Umeapa," mama yake alikubali, akamgeukia Danae.

"Basi mwite huyo Bi Poliksene aje hapa hapa," Bi Evanthia akamwambia Danae. "Asome mimi nikikoroga. Halua ikiiva kabla hajamaliza, basi Mungu hakutaka."

Bi Poliksene, mthibitishaji wa mikataba, alifika anahema, mhuri kwapani. Sheria inamtaka asome hati yote kwa sauti, hata kama wanaosikiliza wanaijua kwa moyo. Akasoma majina na tarehe. Akasoma gari la mizigo, akasoma sufuria.

"Mashine moja ya kukorogea, haijatumika—"

"Ruka hiyo," alisema Bi Evanthia.

"Siruhusiwi kuruka."

Shira ilichemka, sauti ya Bi Poliksene ikapanda ili ishindane nayo. Thrasos alichungulia sufuria, akaangalia ukurasa, akachungulia sufuria tena. Jasho lilimtoka. Danae aliuma kucha. Samli ilikuwa imeanza kung'aa pembeni Bi Poliksene alipofikia nukta ya mwisho.

Bi Evanthia akazima moto, akaonja kwa ncha ya kidole. Kisha akaanza kujifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Kutoa ni moyo," alisema Bi Poliksene, akifunua kalamu. "Mtoaji atangulie."

Thrasos, aliyeachiwa kiwanda na baba yake miaka ishirini iliyopita, akainyakua kalamu, akasaini mbio mbio kama mtu anayeogopa kuitwa arudi, akatoa mfukoni rundo la funguo na kumwekea mama yake kiganjani.

"Mpokeaji?"

Bi Evanthia akasaini jina lake lote, na doa la samli juu yake.

"Haya, mstaafu," alimwambia mwanawe. "Kabla hujaenda kwa nyuki wako, nisaidie kuitoa hiyo mashine nje ya kiwanda changu."