Sala ya Saa Moja Asubuhi

Mlango ulijifunga nyuma yake kwa kishindo, na alipokishika kitasa cha ndani na kukivuta, kitasa kikabaki mkononi.

Tajiri alikitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Fundi alishamwambia mara mbili kwamba kimelegea, naye mara zote mbili akajibu, "Wiki ijayo." Chumba cha kugandishia kuku hakikuwa na mlango mwingine. Makoti mazito ya wafanyakazi yalitundikwa nje, simu alikuwa ameiacha garini, na mwilini alikuwa na shati jembamba na tai.

Saa yake ilionyesha saa moja kasoro dakika tatu.

Angepiga kelele wakati ule ule, angesikika. Wafanyakazi walikuwa ndiyo kwanza wanaingia ukumbini, ukuta wa pili tu. Lakini aibu ilimshika kabla ya baridi. Kwa miaka kumi na mmoja aliwahubiria kwamba hakuna kugusa kazi kabla ya sala, hata kisu kisinolewe, hata swichi isiwashwe. MUNGU KWANZA, liliandikwa bango mlangoni, herufi nyekundu. Wenyewe walimwita Mzee Kwanza akiwapa kisogo, na yeye alijua, na lilimpendeza kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Sasa Mzee Kwanza atolewe humu, kabla ya sala, akiwa amekuja kuchungulia kama katoni za hoteli zimetosha? Wangecheka mpaka sikukuu.

Sala huchukua dakika ishirini. Akaamua kuvumilia. Wakimaliza atagonga taratibu, mama mfagiaji atamfungulia, na mama mfagiaji si mtu wa maneno.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Ulimfikia kupitia tundu dogo la bomba la maji, chini kabisa ya ukuta, ukichanganyika na mvumo wa feni ya mashine. Akatembea huku na huku kati ya rafu, akijipigapiga mabega. Nywele za puani zilianza kukakamaa. Vidole aliviweka kwapani, akaimba nao kimoyomoyo.

Dakika ishirini zikapita. Wakaanza wimbo mwingine.

Zikapita thelathini. Hapo aibu ikamtoka yote. Akaupiga mlango kwa ngumi, kwa mabega, kwa kile kitasa, akipiga mayowe. Ukumbini nako sauti zikapanda juu, makofi yakaongezeka. Ni yeye aliyewafundisha. "Mkiwa kwenye maombi mkasikia fujo, mjue ni nani anayewavuruga. Ninyi ongezeni sauti tu." Kadiri alivyogonga ndivyo walivyomwimbia Bwana kwa bidii. Wanafunzi wazuri, hawakumwangusha hata kidogo.

Alimfikiria karani wake. Wiki iliyopita msichana yule aliifunga sala baada ya dakika tano kwa sababu lori la mteja lilikuwa linasubiri getini, na Tajiri alimsema mbele ya watu mpaka akalia. Alimuuliza kama lori ndilo lililomuumba, na mengine ya hasira ambayo sasa hata hayakumbuki. Leo bila shaka ndiye anayeongoza. "Ananikomoa," aliwaza Tajiri. "Aliambiwa sala yake fupi, sasa anaivuta mpaka iishe wiki." Hasira ikampa joto kwa muda mfupi, kisha nayo ikaisha.

Miguu haikumbeba tena. Akapiga magoti kando ya katoni za hoteli. Aliogopa. Aliogopa kufa humu, amelala kati ya kuku, na kesho watu waje kuulizana alifuata nini.

Akaomba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwomba Mungu awanyamazishe watu wanaomwomba. Na kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia mwingine, akasema na la kweli: kwamba si leo tu. Kwamba kila asubuhi huanza na katoni ndipo anakwenda kupiga magoti ukumbini, na hata akiwa amefumba macho huwa bado anazijumlisha. Alilia, na machozi hayakufika mbali. Akaahidi kwamba akitoka atasimama mbele yao aseme yote, na bango atalitoa kwa mkono wake.

Akajikokota hadi kwenye tundu la bomba, akalaza shavu sakafuni.

Wimbo ukakoma.

Ukumbi ukawa kimya. Furaha aliyoisikia haikuwa na mfano, akatamani kucheka, mashavu yakakataa.

"Dada, mimi nilisikia kitu kikigonga kule kwa kuku," ilikuwa sauti ya mama mfagiaji. "Twende tukaangalie."

"Ni mashine hiyo, mama. Nani aingie mle kabla ya sala? Unataka kufukuzwa?"

"Basi ifunge sala, twende. Saa mbili hii inaingia."

"Niifunge mimi?" karani akasema. "Wiki iliyopita si mliona yaliyonikuta? Alinikataza kabisa. Alisema tangu siku ile Amina ni yake, mwingine asiitamke. Na gari lake lile pale uani, hayuko mbali. Haya jamani, ubeti wa kwanza tena, mpaka aje."

Tajiri aliweka midomo kwenye tundu aseme Amina. Ikatoka pumzi nyeupe tu.